Kiwiko kinamuuma, na mashindano ya vyuo ni Juni

Kaka, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Tanga. Huu ni mwaka wa saba niko Texas, viunga vya Dallas. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, zamu ya usiku. Baba watoto anaendesha lori la masafa marefu, kwa wiki tunamwona siku mbili, zikizidi tatu.

Mwanangu wa kwanza ana miaka 15, anatimiza 16 mwezi wa saba. Yuko gredi ya kumi. Tulipofika hapa hajui Kiingereza hata cha kuombea maji, jirani akamchukua pamoja na wanawe wakaenda uwanjani. Aliporudi akaniambia, "Mama, ni kama rede, ila huyu wa katikati wamempa fimbo." Basi ikawa ndiyo hivyo hadi leo. Mimi mwenyewe nilicheza rede Ngamiani na hakuna aliyekuwa akinikwepa, kwa hiyo huo mkono najua umetoka wapi, baba yake abishe asibishe.

Sasa ni mrushaji wa besiboli, yule anayemtupia mpira mwenye fimbo. Rada inausoma mpira wake maili 82 kwa saa. Kocha wa timu yake ya kulipia (siyo ya shule, ile ya kusafiri) anasema kiangazi hiki lazima aende mashindano manne ambayo makocha wa vyuo wanakuja kutazama vijana: mawili hapa Texas, moja Oklahoma, moja Georgia. Akikosa, anasema, gari limemwacha. Ada ni dola 2,900, hoteli na mafuta mbali. Tena anataka mtoto aanze kufanya mazoezi na ile mipira mizito ili afike maili 90 kabla shule hazijafunguliwa. Na kuna bwana mwingine amenipigia, kwa dola 1,900 atamtangaza mwanangu kwa makocha 300, anasema chuo ni uhakika.

Zamu yangu ya mchezo, huu wa kupeana hela, inafika mwezi wa sita, dola 3,000. Hela hizo nilizipangia mabati ya nyumba ya mama kule Tanga. Baba watoto anasema mpira gani huo usio na Simba, Yanga wala Coastal, mtoto asome.

Kingine, mtoto ameandikia barua pepe makocha 11. Hakuna aliyejibu, ila vyuo viwili vimetuma mwaliko wa kambi, kila kambi zaidi ya dola 200. Amevunjika moyo, anasema hawamtaki. Je, hiyo mialiko ni dalili kwamba wanamtaka? Twende mashindano yote manne? Nitoe hela ya mchezo?

Nimesahau, jambo dogo. Wiki iliyopita Ijumaa alirusha mipira 58. Jumamosi mdakaji wao hakuja, wakamweka yeye kudaka. Jumapili asubuhi akarusha tena, 41. Mimi huwa nahesabu kwa tasbihi. Usiku akasema kiwiko kinamuuma upande wa ndani, nikamchua kwa mafuta ya karafuu. Asubuhi akasema kiko sawa, ila begi la shule nimeona kalibeba kwa mkono wa kushoto. Kocha anasema ni uchovu tu, aweke barafu.

Mama wa mrushaji, Texas

---

Marahaba, dada.

Hilo jambo dogo umeliweka chini kabisa ya barua, kama mtu anayekumbuka chumvi watu wameshanawa mikono. Mimi naanza nalo, na mashindano yatasubiri. Sentensi ya begi kubebwa mkono wa kushoto nimeisoma mara nne. Kijana wa miaka 15 hawezi kumwambia mama yake "naumwa" kama anajua jibu lake litamtoa uwanjani. Lakini begi halijui kudanganya.

Kuna mwongozo unaitwa Pitch Smart, umetolewa na ligi kuu ya besiboli ya Marekani, MLB, pamoja na shirikisho lao la mchezo huo, USA Baseball, tangu 2014. Unapatikana bure mtandaoni, na kocha yeyote anayechukua hela yako anapaswa kuwa nao kichwani. Kwa kijana wa miaka 15 au 16, mwisho ni mipira 95 kwa siku. Tasbihi yako ina shanga 99, maana yake haruhusiwi hata kuizungusha mara moja ikaisha. Lakini hapo siyo penye kosa lenu. Kosa lipo kwenye mapumziko. Akirusha mipira isiyozidi 30, kesho anaweza kurusha tena. 31 hadi 45, apumzike siku 1. 46 hadi 60, siku 2. 61 hadi 75, siku 3. Ikifika 76 na kuendelea, siku 4.

Sasa chukua tasbihi yako tuhesabu wote. Ijumaa 58. Jumamosi mapumziko, Jumapili mapumziko, anaruhusiwa kurusha Jumatatu. Wao wamempandisha tena kwenye kile kichuguu cha kurushia Jumapili asubuhi, mipira 41. Na Jumamosi, siku ya kupumzika, wakamfanya mdakaji. Mdakaji unamwona amechuchumaa ukadhani anapokea tu, kumbe kila mpira unaoingia kwenye glavu yake lazima aurudishe kwa mrushaji, mechi nzima, na mkimbiaji wa wapinzani akitaka kuiba besi, yaani kukimbilia kituo kinachofuata mpira haujapigwa, ndipo anaurusha kwa nguvu zote. Mwongozo uleule unasema mrushaji asiwekwe kudaka siku asizorusha. Najua haya kwa sababu mwanangu mimi alikuwa mdakaji, na bega lake nililisikia likilalamika kabla yeye hajasema.

Maumivu ya kiwiko upande wa ndani kwa mrushaji wa umri huo siyo uchovu mpaka daktari aseme ni uchovu. Katika umri huu mifupa inaweza kuwa bado haijamaliza kukua, na kinachovutwa kila anaporusha ni ile sehemu laini ya mfupa inayokua. Wamarekani wenyewe wanakiita kiwiko cha Little League, ile ligi ya besiboli ya watoto. Mifupa ikishakomaa, kinachochanika ni kano ya kiwiko, na hapo ndipo utasikia upasuaji wa Tommy John. Huyo alikuwa mrushaji wa Dodgers, timu ya Los Angeles. Daktari Frank Jobe alimfanyia upasuaji huo mwaka 1974 kwa kuchukua kano kutoka mkono wake mwingine na kuipachika kwenye kiwiko. Alirudi kucheza, ndiyo, lakini mwaka 1976. Leo nao hesabu mwaka mzima na zaidi. Ukiutoa mwaka mzima kwenye maisha ya kijana aliye gredi ya kumi, umeitoa gredi ya 11 yote, na ndiyo ambayo makocha wanaitazama.

Kwa hiyo asirushe chochote, hata jiwe kwenye mwembe. Kesho aende kwa mtaalamu wa viungo wa shule yake, shule nyingi za sekondari za Texas zinaye, na halipishwi. Huyo atakuelekeza kwa daktari wa mifupa anayejua wanamichezo. Kumchua kwa mafuta ya karafuu, muulize daktari kwanza. Ila dawa ya maumivu asimeze ili apate kurusha, hapo utakuwa umeizima kengele na kuuacha moto. Na mipira mizito asiiguse. Mwezi Desemba 2024 MLB yenyewe ilitoa ripoti ndefu kuhusu majeraha ya warushaji, na ilichokinyooshea kidole kwanza ni hii tamaa ya kasi na kurusha kwa nguvu zote kila mpira. Kutoka 82 hadi 90 ndani ya miezi minne siyo mpango wa mazoezi, ni kamari, na mkono siyo wa kocha.

Kocha mwambie maneno machache: "Mwanangu harushi mpaka daktari aandike." Usiombe radhi. Akikasirika, umeokoa dola 2,900.

Nije kwa makocha 11 walionyamaza, maana hapa kijana anaumia bure. Hawajamkataa. Sheria imewafunga midomo. Vyuo vya daraja la kwanza la NCAA, chama kikubwa kinachosimamia michezo ya vyuo, haviruhusiwi kuongea na kijana wa besiboli wala kumjibu barua zake kabla ya 1 Agosti, ile inayotangulia gredi ya 11. Kwake yeye ni Agosti hii inayokuja. Kabla ya hapo wanaweza kusoma alichoandika, wanaweza kuja kukaa nyuma ya wavu kumtazama, lakini kumwambia "tumekuona" hawawezi. Walichoruhusiwa kutuma ni fomu za maswali na matangazo ya kambi. Ndiyo hiyo mialiko miwili. Kambi ni biashara pia, inawalipa makocha wasaidizi, na mwaliko huo wametumiwa vijana wengi mno. Mpaka kocha amtaje mwanao kwa jina, aseme alimwona wapi, siku gani, akirusha nini, ichukulie kama tangazo la sabuni. Vyuo vya daraja la tatu, vya NAIA (chama kingine cha michezo ya vyuo) na vile vya miaka miwili havibanwi na tarehe hiyo. Angalia kama kati ya hao 11 yupo hata mmoja wa huko. Nahisi hayupo. Vijana wote huanza kuandikia vyuo wanavyoviona kwenye televisheni.

Na mashindano yenyewe. Nikwambie yaliyonikuta, nawe ucheke. Kiangazi cha mwanangu kama huyu wako tulizunguka mashindano sita. Nililala kwenye gari Oklahoma kwa sababu hoteli ilikuwa imepanda bei. Georgia tulikwenda pale Emerson, kaskazini mwa Atlanta, viwanja vimepangana kama mashamba ya mkonge, timu kila kona, na makocha wa vyuo kweli walikuwepo, na kofia zao na vitabu vyao vidogo. Nikajua leo ndiyo leo. Mechi ya pili wakaja saba kwa mpigo wakaketi nyuma ya wavu. Walikuja kumtazama mrushaji wa timu nyingine. Alipotolewa, wakanyanyuka wote saba, na mwanangu alikuwa ndiyo kwanza anashika fimbo.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kocha wa chuo haendi mashindano kuokota. Anakwenda na orodha mfukoni, majina, namba za jezi, saa na kiwanja, anahama kutoka kimoja hadi kingine kama mtu mwenye ratiba ya daladala. Asiye kwenye orodha anaweza kuonekana kwa bahati, na bahati hiyo kwa dola zile ni ghali. Kiangazi kilichofuata tulikwenda mawili tu, yote ya mwendo wa gari, na wiki moja kabla mwanangu akawa ameandika barua zake. Kocha wa chuo kimoja cha miaka miwili akaja na karatasi iliyochapwa ile barua, nikaiona kwa macho yangu imekunjwa mara nne. Ndiko alikosoma.

Barua hiyo aandike mwenyewe, kwa anwani yake, siyo yako. Iwe fupi. Jina, mwaka wa kumaliza shule, nafasi anayocheza, mkono anaorushia, urefu na uzito, wastani wa alama zake, kasi yake na imepimwa wapi lini, kiungo cha video, simu ya kocha wa shule, halafu ratiba: tarehe, saa, kiwanja namba ngapi, jezi namba ngapi. Asiongeze maili. Wote wana rada. Video dakika mbili zinatosha, nusu amerekodiwa kutoka nyuma ya mdakaji ili mpira uonekane unavyopinda, nusu kutoka ubavuni. Muziki asiweke.

Simu nayo. Ikifika Agosti, hakikisha sanduku lake la ujumbe wa sauti limewekwa jina na lina nafasi. La mwanangu lilikuwa limejaa, na kocha mmoja alipiga mara mbili asiweze kuacha ujumbe. Tuliambiwa baadaye na mtu mwingine. Mpaka leo mama yake hajamsamehe.

Sasa ona kalenda ilivyo upande wako. Ya Juni yatafika daktari hajamruhusu, na hata angeruhusiwa, Juni wale wa daraja la kwanza wasingeweza kumsemesha. Yapo mashindano ya Septemba na Oktoba. Wakati huo atakuwa amepumzika, ametimiza 16, na kocha akimpenda anaweza kumpigia jioni ileile. Daktari akikubali, chagua moja, yakizidi mawili, yote ndani ya Texas. Georgia waachie wenye nauli. Na orodha yake ya vyuo aiandike upya: vya daraja la kwanza abakize vitatu vinne, kisha aongeze vya miaka miwili vya hapo hapo jimboni. Msivione vidogo. San Jacinto, karibu na Houston, ndiko walikopita Roger Clemens na Andy Pettitte, warushaji wakubwa wa MLB. Albert Pujols, mpigaji maarufu wa MLB, aliyekuja Marekani kijana kutoka Jamhuri ya Dominika na Kiingereza cha kubabaisha kama sisi, alitokea chuo cha namna hiyo Kansas City, Maple Woods. Vyuo vya daraja la kwanza la NJCAA, chama cha michezo cha vyuo hivyo vya miaka miwili, vinaruhusiwa kutoa ufadhili hadi wa wachezaji 24.

Kuhusu ufadhili, nitakuvunja moyo kidogo. Besiboli siyo mpira wa kikapu. Kwa miaka mingi timu nzima ya daraja la kwanza ilikuwa na fungu la ufadhili kamili 11.7 tu, wachezaji wakigawana robo, theluthi, na wengine patupu. Tangu msimu wa 2025/26, kwa vyuo vilivyoingia kwenye ule utaratibu mpya uliotokana na kesi ya wanamichezo dhidi ya NCAA mahakamani, kikomo hicho kimeondolewa, badala yake timu isizidi wachezaji 34 na chuo kinaweza kumfadhili kila mmoja. Kinaweza, hakilazimiki. Daraja la tatu hawatoi hata senti kwa ajili ya michezo, ila wanatoa kwa alama nzuri. Hapo ndipo baba watoto anapoingia, na Coastal yake. Nusu ya alichosema ni kweli tupu. NCAA inataka masomo 16 ya msingi, na kwa daraja la kwanza wastani usipungue 2.3 kati ya 4 katika hayo, na 10 kati yake yawe yamekwisha kabla hajaanza gredi ya 12. Wastani wa mwanao hukuuandika. Kasi yake umeiandika. Nenda kwa mshauri wa masomo shuleni, uombe orodha ya masomo yanayotambuliwa na NCAA, mkae mezani watatu, baba akiwa amerudi safari, muweke alama pembeni moja moja. Kocha hulinganisha warushaji wawili wa maili 85, akamchukua mwenye alama, kwa sababu huyo chuo kitamlipia kwa mfuko mwingine.

(Wasomaji ambao watoto wao walianza sekondari Tanzania, Kenya au Kongo kabla ya kuja: matokeo ya miaka hiyo yatatakiwa pia. Anzeni kuyatafuta sasa, mnajua wenyewe ofisi zetu.)

Yule bwana wa dola 1,900, usimpe hata nauli ya basi. Uhakika wa chuo hana wa kuuza. Hao makocha 300 wana barua pepe zao kwenye tovuti za vyuo, ziko wazi, na mwanao ana vidole kumi.

Hela ya mchezo isiishie kwenye mchezo. Toa kidogo cha daktari kama bima itabakiza kitu, weka akiba ya mashindano moja ya Oktoba, mengine yote ni mabati. Mvua za Tanga unazijua kuliko mimi.

Na siku hiyo ya Oktoba, dada, nakuomba jambo moja gumu. Akiteremka kwenye gari usimbebee begi. Makocha huwa wanaegesha mapema na wanatazama hapo, nani kabeba nini, kijana anamjibuje mama yake akipewa chupa ya maji. Wewe beba hotipoti yako ya wali, kaa kivulini, hesabu. Ila vipo vihesabio vya kubofya kwa kidole gumba, bei ya soda mbili tatu. Tasbihi irudishe kwenye mswala.

Ukitoka kwa daktari niandikie, na safari hii kiwiko kianze mstari wa kwanza.